Mmumunye wa Sikuzani

Mnyambe, 3 Aprili 1905

Leo tumepata barua kutoka misheni ya Masasi, imeletwa na mpagazi aliyekuwa akienda Newala. Padre anayetengeneza gazeti letu la kila mwezi anataka kila kituo kimwandikie habari za mmea mmoja wa bustani, ule ulioipita mimea mingine yote. Si miwili, mmoja. Jina la mwenye bustani litapigwa chapa, na mbegu au vipandikizi vyake vitasambazwa vituo vyote. Habari ziwe zimefika kabla ya Sikukuu ya Mikaeli, mwisho wa Septemba.

Barua imeandikwa kwa Bonifasi, mume wangu, kwa kuwa mwalimu ni yeye. Akaisoma, akakuna kidevu, akanisukumia.

"Mama Julia, mwenye bustani ni wewe. Andika wewe, mimi nitatia sahihi."

"Ukitia sahihi wewe, litapigwa chapa jina la nani?"

Akacheka. "Haya, tia lako."

Basi nimelianza daftari hili ili niandike jinsi mwaridi wangu unavyoendelea. Maana mmea wenyewe hakuna haja ya kuuliza. Kipandikizi nilipewa Masasi nilipotoka shule ya wasichana, nikakibeba mpaka huku juu kimefungwa kitambaa kibichi kama mtoto mchanga. Kuanzia hapa mpaka Newala hakuna mwaridi mwingine. Anjelina wa Mnyambe, kwa herufi za chapa! Mama yangu angekuwa hai angezunguka na gazeti hilo kijiji kizima, na kusoma hajui.

9 Aprili

Mwaridi una machipukizi matatu.

17 Aprili

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Sikuzani, mke wa Swalehe mchuuzi wa chumvi. Wao Waislamu, sisi watu wa misheni, lakini moto tunaombana na maji tunateka njia moja. Na maji ya huku ni kazi. Hatuna kisima wala kijito; maji yako bondeni. Unatoka jogoo anawika, unarudi jua limepanda, na ile njia ya mawe imevunja mitungi ya wanawake mpaka vigae vyake ndivyo tunavyovikanyaga.

Sikuzani hana mtungi. Ana mmumunye. Mbegu aliachiwa na marehemu mama yake, Bibi Sijaona, na haifanani na mbegu za watu wengine. Ameujengea chanja, umepanda mpaka juu ya paa la jiko. Kila tunda analilaza juu ya majani makavu lipate kitako. Mengine ameyafunga kamba ya gome yapate shingo. Yakikauka ni vibuyu vinavyochukua maji mtungi mzima na nusu, na vyenyewe vyepesi, ukiteleza ukaanguka unajipangusa vumbi, wewe na kibuyu chako mnaendelea na safari.

Leo Julia wangu, mwenye miaka sita, alikimbilia pale akanyoosha kidole: "Mama, lile kubwa!" Sikuzani akamdaka mkono.

"Mwanangu, tunda changa halinyooshewi kidole, litaoza. Kunja ngumi. Onyesha hivi."

Julia akakunja ngumi. Akaonyesha moja moja, na Stamili, binti wa Sikuzani, akimsaidia kuhesabu. Jambo hili huku kwetu kila mtu analijua. Masasi tulifundishwa kuwa ni upuuzi.

5 Mei

Bonifasi amerudi shuleni na hata kofia hajavua. "Umeyaona mamumunye ya Mama Stamili? Yule mwanamke ana mkono!"

Na mimi nina nini, kwato?

12 Mei

Naandika haya kwa sababu sitamwambia mtu.

Tangu Pasaka nateka maji mara mbili. Safari ya kwanza ya nyumba, ya pili ya mwaridi, maana usipopata kata nne kwa siku unanyauka. Mgongo unaniuma. Leo nimepita kwa Sikuzani na mtungi wangu kichwani, shingo imeingia mabegani, nikamkuta amekaa chini ya chanja anasuka mkeka, anaimba. Anaimba! Mmea wake unakunywa umande na maji ya kuoshea vyombo, halafu unazaa matunda makubwa kuliko tumbo la mjamzito.

"Karibu, Mama Julia. Umechelewa leo."

"Nina kazi, mwenzangu, si kama wengine."

Akacheka, akafikiri ni utani. Akaingia ndani kunitafutia muhogo. Nikabaki peke yangu na yale mamumunye. Nakiri nilichungulia kwanza mlangoni. Kisha nikanyoosha kidole, chote, mpaka kikaniuma kiungo, nikakielekeza kwenye lile kubwa la mwisho wa chanja. Nikahesabu mpaka kumi.

Muhogo ulikuwa mtamu, na hilo nalo likaniudhi.

20 Mei

Limeoza! Lile lile. Sikuzani amelikata, akasema ni funza. Nimefurahi, halafu nimeogopa, halafu nimefurahi tena. Jioni nimesali sala ndefu kuliko kawaida na Bonifasi akaniuliza kama naumwa.

11 Juni

Mwaridi umetoa ua! Moja, jekundu, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nimewaita majirani wote. Wakalizunguka, wakanusa kwa zamu. Sikuzani naye akaja, akainama, akanusa kwa heshima kabisa.

"Zuri, wallahi. Linaliwa?"

"Haliliwi."

"Linatekea maji?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Bonifasi, namwona, alitazama pembeni akijiuma midomo. Sikuzani akanishika bega: "Nakutania, mwenzangu. Kunukia nako ni kazi." Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na kicheko hakirudi kinywani.

14 Juni

Ua limepukutika. Siku tatu tu.

2 Julai

Amevuna. Nimeyahesabu kutoka dirishani kwangu. Thelathini na mawili.

9 Julai

Amekata midomo ya mamumunye, amejaza maji nyama ya ndani ioze, sasa anayatikisa kwa mchanga na kokoto kuyasafisha. Kutwa nzima ni shaka-shaka-shaka, wanawake wamejaa pale wanamsaidia, wanapigiana vigelegele. Sikwenda. Nilisema kichwa kinauma, na baada ya saa mbili za kelele zile kweli kikauma.

Jioni akaja mwenyewe na mbegu konzi nzima, amezifunga kwenye jani.

"Hizi ni za mama. Sijampa mtu hapa kijijini, ila wewe unajua kutunza. Panda mvua zikija. Na hayo ya gazeti, Mwalimu ameniambia. Ukipenda kuandika mmumunye, usiandike jina langu, andika la mama. Sijaona."

Kumbe Bonifasi amekwishamwambia! Wamekwishachagua, na mimi mwandishi nimebaki kushika kalamu tu. Nikasema ahsante. Alipotoka nikalitupa motoni lile jani na mbegu zilizomo. Zilipasuka pa, pa, pa, zikanukia vizuri.

6 Agosti

Swalehe amerudi kuuza chumvi. Anasema huko Matumbi watu wamekataa kulima pamba ya Mdachi, wameng'oa mimea, wanagawiana maji ya dawa ndani ya vibuyu. Ukinyunyiziwa, risasi inageuka maji. Bonifasi kamwambia Matumbi ni mbali.

Mwaridi una kutu kwenye majani.

13 Agosti

Sikuzani ameniletea kibuyu. Si kimojawapo, ni kile kikubwa kuliko vyote, amekikausha juu ya moshi mpaka kimekuwa rangi ya asali. Na ubavuni amechoma herufi kwa kisu cha moto: ANJELINA. Yeye hajui kusoma. Alimwomba Julia amwandikie chini kwenye mchanga, naye akaiga mchoro mmoja mmoja, na Julia akatunza siri wiki tatu.

"Mgongo wako naona unakuuma," akasema. "Mtungi utakuua."

Ningefanya nini? Nilimshukuru. Lakini moyoni nilikuwa nawaka, maana sasa hata jina langu nililotaka litoke kwenye chapa, mtu wa kwanza kuliandika hadharani ni yeye, na juu ya mmumunye wake. Na hata hajakisafisha vizuri. Nimekitikisa, kuna mbegu zinagonga ndani, zimegandia shingoni akashindwa kuzitoa. Mtu wa sifa nyingi hivyo!

Nimekitundika ukutani. Sitakitumia. Kitakaa kikavu hapo.

20 Agosti

Nimemaliza habari za mwaridi, kurasa mbili. "Mmea huu hustawi bila taabu." Bonifasi akasoma mpaka hapo akanyanyua macho.

"Bila taabu? Na yale maji ya kila siku anateka nani?"

"Wewe utie sahihi au usitie."

"Mama Julia, padre ameuliza mmea ulioshinda, hakuuliza mmea unaoupenda. Kizuri chajiuza."

Hatujasemezana tangu mchana.

31 Agosti

Masasi imechomwa moto. Misheni, kanisa, shule yangu ya wasichana, vyote. Watu wanapita hapa tangu jana na watoto mgongoni, wanakwenda pwani. Mapadre nao wamekwisha kuondoka. Nimemuuliza mama mmoja habari za gazeti. Akanitazama kama mwenye wazimu. "Mwanangu, nyumba ya mitambo, ya vitabu, yote ni majivu. Gazeti gani?"

Sikuzani amesimama njiani tangu alfajiri na vibuyu vyake anawanywesha wapita njia, akimaliza anashuka tena bondeni. Wote wanambariki. Na mimi nimetoa mtungi wangu, lakini wananyoosha mikono kwake.

Gazeti halipo tena. Hilo lilipaswa kunipoza, halikunipoza.

12 Septemba

Haya lazima niyaandike.

Asubuhi Bonifasi alikunywa maji kwa Sikuzani wakati akienda shuleni, akarudi kuchukua chaki, akasema, "Maji ya kibuyu ni matamu, yana moshi kidogo. Wewe chako umekitundika cha nini?" Maneno hayo tu. Akaenda zake. Nikabaki nayo yakinichoma.

Saa nne wakaja askari wa Mdachi, kumi na wawili, na mkubwa wao, ombasha mmoja mrefu, mtu wa mbali. Sisi wanawake sita tulikuwa tumekaa tunapukuchua mbaazi. Sikuzani alikuwa bondeni kuteka.

"Tumeambiwa dawa ya maji inapita njia hii," akasema ombasha. "Nani anatengeneza vibuyu hapa? Nyumba gani?"

Kila mmoja akainamia ungo wake. Ombasha akauliza tena, akitutazama mmoja mmoja. Wenzangu hawakuinua macho. Nami ningeweza kuinama kama wao. Hakunishika, hakunipiga, hakunitishia kwa bunduki. Nataka hili lisomeke wazi.

Nilinyoosha kidole. Sikusema neno. Nilinyoosha kidole kilekile, chote, nikaelekeza nyumba ya Sikuzani, na kwa muda wa pumzi moja nikaona raha. Wenzangu walikuwa wameinamia mbaazi, hakuna aliyeniona isipokuwa ombasha.

Nilidhani watavichukua vibuyu. Mungu anajua nilidhani watavichukua tu, abaki kama sisi, na mtungi. Wakavitoa uani wakavivunja kwa vitako vya bunduki, kimoja kimoja. Vilivyokuwa na maji viliyamwaga, ardhi ikayanywa hapo hapo. Wakachoma chanja, moto ukashika paa la jiko, na kule darini ndiko kilikokuwa kibuyu kidogo cha mbegu zake. Swalehe alitoka mbio kusema haya ni maji ya kunywa, jamani, ni maji ya kunywa. Wakamfunga kamba, wakamtwisha mzigo wa risasi.

Sikuzani akatokea juu ya mteremko na kibuyu kichwani. Askari mmoja akakipiga kikiwa kichwani pale pale. Akasimama ameloa, anamtazama mumewe anavyopelekwa. Hakulia. Stamili ndiye aliyelia.

Kisha wakaingia kwetu. Bonifasi alikuwa amekuja mbio kutoka shuleni. Ombasha akakitungua kibuyu changu, akakitikisa, zikagonga.

"Kuna nini humu?"

"Mbegu tu, bwana. Na hilo ubavuni ni jina la mke wangu."

Akatazama msalaba ukutani, akanitazama mimi, akanitambua. Akakitupa kitandani. "Huyu ni mtu wetu," akasema, wakaondoka.

Bonifasi akadhani amesema hivyo kwa ajili ya msalaba.

13 Septemba

Sikuzani alikuja kuomba moto. Macho yamevimba. Akakaa kizingitini.

"Swalehe akirudi au asirudi, Mungu ndiye mjuzi. Vibuyu vitaota vingine. Nilijiambia, almuradi mbegu za mama nilimpa Mama Julia. Zote za kwangu zimeungua, lakini wewe unazo."

"Ziko," nikasema.

Akanishika mkono akaubusu. Mkono wa kulia.

14 Septemba

Nimepekua majivu ya jiko langu. Majivu ya tangu Julai! Bonifasi akaniuliza natafuta nini, nikasema sindano.

15 Septemba

Sikula.

16 Septemba

Julia alikuwa anacheza kitandani, akakitikisa kibuyu. Shaka-shaka. Nikamnyang'anya kwa nguvu mpaka akashtuka.

Mdomo wa kibuyu ni mwembamba. Nimeingiza kijiti, nimeinamisha, nimepiga kitako kwa kiganja, hata mbegu moja haikutoka. Shingo imepinda na zimekwenda kukwama kwenye bega. Hiki ndicho kibuyu pekee kilichobaki Mnyambe nzima. Kimenibebea jina. Nimekaa nacho magotini muda mrefu. Halafu nikakiweka juu ya jiwe la kusagia nikakipiga kwa mchi. Kilipasuka katikati ya jina.

Mbegu tano. Moja imetobolewa na mdudu. Nne nzima.

Nikazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na vigae, nikaenda kabla sijapata akili ya kutokwenda. Sikuzani alikuwa anafagia palipokuwa jiko.

"Zile ulizonipa nilizitia motoni," nikamwambia. "Siku ileile. Hizi zimetoka humu." Nikamwonyesha vigae.

Akaacha kufagia. "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini, Mama Julia? Mimi nina nini?"

Nikaona nikinyamaza hapo nitanyamaza milele, nikamwambia na lile la pili: kwamba askari hawakubahatisha nyumba, nilionyesha mimi. Kwa kidole. Na lile tunda la Mei pia, nikalisema, ingawa hilo likawa dogo mbele ya mengine hata nikaona haya kulitaja.

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alipokea mbegu, akazihesabu, akaingia ndani, akafunga mlango, na fagio likabaki uani.

17 Septemba

Nimemwambia Bonifasi. Amehamishia mkeka wake darasani.

1 Oktoba

Nimemsalimu Sikuzani njiani. Hakuitikia.

29 Oktoba

Hakuitikia. Anateka kwa chungu cha kupikia, cha kuazima. Kimemvunjikia leo mteremkoni. Nilikuwa nyuma yake, nikainama kumsaidia kuokota, akasubiri nisimame ndipo akaokota mwenyewe.

19 Novemba

Mpagazi mmoja amerudi kutoka pwani. Swalehe yuko hai, anabebeshwa mizigo bado. Nilimtuma Julia apeleke habari, maana mdomo wangu hausikilizwi pale.

3 Desemba

Mvua ya kwanza. Bonifasi amerudisha mkeka wake nyumbani kwa sababu darasa linavuja. Sababu hiyo inanitosha.

Nimezichana zile kurasa mbili. Nimeandika upya, nusu ukurasa, na sijui nitampelekea nani. "Kituo cha Mnyambe. Mmea uliopita mimea yote ni mmumunye wa Bibi Sijaona, uliotunzwa na binti yake Sikuzani. Hauhitaji maji, unayabeba. Mwaka huu ulizaa thelathini na mawili. Sasa zimebaki mbegu nne, kwa kosa la mwandishi." Bonifasi akasoma, akachukua kalamu, akatia sahihi chini ya jina langu.

12 Desemba

Mvua imekata siku nane. Jua kali.

Leo asubuhi nilikuwa nautilia mwaridi kata ya kwanza, kivuli kikaniangukia. Sikuzani. Tangu Septemba hajakanyaga uani kwangu.

"Mbegu imeota moja," akasema. "Tatu zimekufa. Na mche wenyewe nao unalala kwa kiu."

Nikasimama.

"Ulimwonyesha askari nyumba yangu kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi chukua mtungi kwa mkono huo huo. Asubuhi na jioni, mpaka mvua zirudi. Zikirudi, mpaka Swalehe arudi. Mimi sijakusamehe, usije ukajidanganya. Nataka maji."

Nikautazama mwaridi. Una chipukizi jipya, la kwanza tangu Agosti. Nikainua mtungi, yale maji yaliyobaki nikayapeleka kwake na mwaridi haukupata kitu. Pale penye majivu ya jiko nikatafuta, sikuuona mche. Amezungushia miiba, na umefunikwa na jani kuukinga jua.

Sikuzani akakunja ngumi, akanionyesha ulipo.